Sehemu ya meseji ndani ya programu ya ghala la korosho: nilivyoitengeneza, hatua kwa hatua

Kazi hii niliifanya hapa Mtwara, kwa mteja mwenye maghala matatu ya korosho: moja mjini, moja Masasi, jingine Tandahimba. Programu ya kusajili mizigo walikuwa nayo tayari. Mimi niliombwa niongeze sehemu ya wafanyakazi kuandikiana humo humo. Siku ya kwanza nikaulizwa swali la haki kabisa: "Kundi la WhatsApp tunalo, hii nyingine ya nini?" Kama swali hilo huna jibu lake, usianze kuandika kodi ya programu.

Jibu langu lilitoka kwenye simu ya karani wa ghala. Alinipa nipekue kundi lao la msimu uliopita, siku za Novemba mizigo ilipochanganya. Ndani ya saa moja nilikuta picha ya tiketi ya mzani, "poleni na msiba", dua ya Ijumaa, "ile gari vipi?", stika mbili, "ipi?", "ya jana". Wiki mbili mbele, atakayekumbuka ni gari gani na jana ipi simjui.

Hatua ya 1: Mazungumzo yakae chini ya mzigo

Wengi huanza kwa kutengeneza vyumba: chumba cha uhasibu, chumba cha Masasi, chumba cha mabosi. Ukifanya hivyo umejenga WhatsApp mbovu zaidi. Anza na kumbukumbu ambayo programu inayo tayari.

Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka korosho kwenye AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, AMCOS inazisafirisha hadi ghala kuu, pale zinapimwa uzito na ubora, stakabadhi inatolewa, kisha zinasubiri mnada. Kila kituo kina ubishi wake: uzito haulingani, unyevu umezidi, daraja halikubaliki. Ubishi huo ndio meseji zenyewe. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa mzigo, juu uone hesabu, chini uone maneno yaliyosemwa juu ya hesabu hiyo. Hivi:

— Shikamoo mzee. Mzani unasoma kilo 8,095, hati ya chama ni 8,000.
— Marahaba. Gunia tupu mmezitoa?
— Hapana mzee. Ziko 100.
— Zitoeni kwanza, kisha unisomee.

Hakuna "ipi?" hapo. Mhasibu akiufungua mzigo huo Januari, anakuta kila kitu mahali pake.

Chumba cha wote kiwe kimoja tu, nacho nilikiita Baraza. Mwanzoni sikukiweka, nikijiona mjanja. Matokeo yake watu walipeana pole ya msiba chini ya gunia 200 za Nanyamba.

Hatua ya 2: Jedwali la meseji

Safu sita zinatosha kuanzia:

- utambulisho (unatengenezwa na simu)
- mzigo
- mtumaji
- maneno
- muda_wa_simu
- namba_ya_seva

Ya kwanza na ya mwisho ndizo zenye kazi. Simu ikituma meseji, seva (kompyuta kuu ya programu) inaipokea na kuihifadhi, halafu mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu itadhani imeshindwa, itatuma tena. Toleo langu la kwanza lilikuwa linaacha seva ndiyo itoe utambulisho, kwa hiyo "Gari limeondoka" iliingia mara tatu, na msimamizi wa Mtwara akaita wapakuzi wa magari matatu. Niliwalipa soda. Sasa simu inatengeneza UUID (utambulisho mrefu wa nasibu usiojirudia) kabla ya kutuma, hifadhidata inakataa kurudia utambulisho ule ule, na seva ikiona marudio inajibu "nimepokea" kama kawaida.

Namba ya seva inaanzia 1 kwa kila mzigo na kupanda. Panga meseji kwa namba hiyo, si kwa saa ya simu, maana kuna simu ghalani ambayo tarehe yake haijawahi kuwa sahihi tangu inunuliwe. Namba hiyo hiyo ndiyo inakupa hesabu ya zisizosomwa bila kuweka mstari kwa kila mtu na kila meseji. Hifadhi tu kwamba fulani amesoma hadi namba 12. Kama mzigo umefika namba 15, ana tatu za kusoma.

Hatua ya 3: Mtandao ukikatika

Chukulia umekatika, kisha ukiwepo ushukuru. Aliyekuwa kazini 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, hahitaji kushawishiwa.

Meseji iandikwe kwanza kwenye hifadhidata ya ndani ya simu: SQLite kama ni programu ya simu, IndexedDB kama inafunguka kwenye kivinjari. Kutoka hapo iingie kwenye foleni ya kutumwa. Mtumiaji aione papo hapo ikiwa na maneno "Inasubiri mtandao", baadaye "Imefika", mwisho "Imesomwa". Rangi nyekundu na neno "Imeshindwa" niliviondoa. Karani akiviona anapiga simu ofisini, na kwa kawaida anapiga kwangu.

Mtandao ukirudi, simu haiombi meseji zote. Inasema "mzigo huu ninao hadi namba 41", seva inarudisha kuanzia 42. Majaribio ya kuunganika yapishane: sekunde 2, 4, 8, hadi dakika moja, na uongeze sekunde chache za bahati nasibu ili simu thelathini zisiivamie seva kwa mpigo umeme ukirudi.

Picha zipunguzwe ndani ya simu kabla hazijatoka. Upande mrefu pikseli 1280 unatosha kusoma tiketi ya mzani. Maneno yatangulie, picha ifuate.

Jaribio langu ni hili: weka simu kwenye hali ya ndege, andika meseji tano, funga programu kabisa, izime simu, iwashe, rudisha mtandao. Zikifika tano, kwa mpangilio, bila marudio, endelea.

Hatua ya 4: SMS, na ile alama ndogo ya ng'

Wasimamizi wawili wanatumia kitochi na hawana mpango wa kuacha. Kwa hiyo mtu akitajwa kwa @ naye hana simu janja, seva inamtumia SMS. Hapa ndipo nilipopoteza hela.

SMS moja hubeba herufi 160 zikiwa za alfabeti ya kawaida ya simu. Kiswahili kina bahati, herufi zake zote zimo. Lakini ikiingia hata alama moja isiyomo, ujumbe mzima unahamia Unicode (mfumo wa herufi za lugha zote) na nafasi zinashuka hadi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya 67. Na baadhi ya kibodi za simu, ukiandika Ng'apa, kile kijialama hukigeuza kikawa kilichopinda (’), ambacho kwenye alfabeti ile hakimo. Ujumbe wa herufi 140 uliokuwa ulipiwe SMS moja unalipiwa tatu, kwa sababu ya ng' moja. Emoji inafanya vivyo hivyo, ila emoji angalau unaiona.

Dawa ni mstari mmoja: kabla ya kutuma, badilisha ’ na ‘ ziwe '. Fanya hivyo pia kabla ya kuhifadhi maneno kwa ajili ya kutafuta. La sivyo anayetafuta mzigo wa Ng'apa kwa kompyuta hataupata ule ulioandikwa kwa simu, na atakuapia kwamba umefutwa.

Hatua ya 5: Saa

Karani anaandika "gari linaingia saa 4". Pembeni ya meseji programu inaonyesha 10:00. Sisi tumezoea kugeuza kichwani, lakini kwenye ubishi wa gari lililochelewa, tarakimu mbili tofauti kwenye skrini moja ni kuni za bure. Hifadhi muda wa UTC (saa ya kimataifa), ongeza saa 3, halafu onyesha saa ya Kiswahili: saa jumlisha 6, gawa kwa 12, chukua baki; baki likiwa 0 andika 12. 10:00 inakupa 4, 06:00 inakupa 12.

Usiku ndio wenye mtego. Meseji ya 01:00 Jumanne ni saa 7 usiku, ila dereva ataiita ya Jumatatu usiku. Niliandika "usiku wa kuamkia Jumanne", na tangu hapo hakuna aliyenipigia.

Hatua ya 6: Arifa

Simu ilie kwa mambo mawili tu: umetajwa, au mzigo umeuandikisha wewe. Baraza lisilie kabisa.

Hatua ya 7: Kufuta, na nani anasoma

Meseji ya uzito ni ushahidi, kwa hiyo kufuta hakuna. Kurekebisha kupo, na maneno ya awali yanabaki nyuma ya neno "Imerekebishwa".

Mteja alitaka pia meseji za watu wawili, na akataka yeye aweze kuzisoma. Nilimwambia achague moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mtu kuandika akidhani yuko faragha huku bosi anasoma ni matatizo ya kujitakia. Mwishowe meseji za watu wawili hatukuziweka. Juu ya kisanduku cha kuandikia pana mstari usiofungika: "Wote wenye ruhusa ya mzigo huu wanaona." Namba za simu na akaunti za wakulima zisiandikwe humo, programu ikiona tarakimu kumi mfululizo inauliza kwanza.

Hatua ya 8: Anza na ghala moja

Minada hufunguka kuanzia Oktoba, na msimu ukishawaka hakuna mwenye muda wa kujifunza kitufe kipya. Sisi tulianza Agosti, Tandahimba peke yake, kwa mizigo ya kubuni. Siku ya kwanza wote waliniandikia "mambo". Siku ya tatu karani aliandika chini ya gari la Kitangari, la kubuni pia: "Gunia 2 zimelowa, picha inakuja." Ilikuja baada ya dakika kumi na moja. Ilikuwa picha ya mbuzi, lakini ilikuwa chini ya mzigo sahihi.