Jinsi ya kupima ahadi za kijani za kampuni kabla hujasaini mkataba

Mimi ni afisa wa usalama kazini katika kiwanda kimoja hapa Kisumu. Vijana wanaoletwa kwangu kwa mafunzo ya kazi, wengi kutoka Chuo Kikuu cha Maseno, huuliza jambo ambalo rika langu halikuuliza: kampuni hii inatunza mazingira? Wengine wameshakataa kazi kwa sababu hiyo, na siwalaumu. Ila wasichague kwa kutazama picha za mameneja wakipanda miche.

Anza na ripoti. Kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Nairobi zina mwongozo wa kutoa taarifa za mazingira tangu 2021, kwa hiyo tafuta tarakimu. Ukikuta "tutapunguza gesi joto kwa asilimia 50 kufikia 2030", uliza: wanalinganisha na mwaka upi? Wamehesabu moshi wa dohani yao tu, au hata malori ya kontrakta? Fungua na ripoti ya mwaka uliotangulia. Lengo likiwa limesogezwa kimyakimya, umeshajua unashughulika na nani.

Kuna sifa za bure. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na jotoardhi ya Olkaria, mabwawa na upepo, kwa hiyo hata kinyozi wa mtaani Kondele anaweza kujisifu kwamba umeme wake ni safi. Kiwanda cha sukari kikisema boila yake inakula makapi ya miwa, ni kweli, lakini hiyo ni desturi ya zamani. Makapi yako papo hapo na hayanunuliwi. Huko ulizia maji machafu.

Kiwanda kinachomwaga maji taka kwenye mazingira kinatakiwa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Kwenye mahojiano, wakikuuliza kama una swali, sema kwa adabu: "Ukaguzi wa mwisho wa mazingira ulipata kasoro gani, na mmezirekebishaje?" Anayeijua kazi atakutajia tope lililojaa kwenye bwawa la pili la kusafishia maji taka, pampu iliyokufa, bajeti iliyokatwa. Asiyeijua atakurudishia neno "uendelevu" mara nne.

Halafu panda boda uende ukaone upande wa nyuma, pale mfereji unapotoka ukutani. Tazama rangi, povu, na kama nyasi za kando zimeungua. Nenda tena baada ya mvua, maana wakati wa mvua maji mengi huficha mengi. Kunywa chai kwa mama wa getini. Vibarua wote anawajua. Muulize kama wanapewa buti za mpira na glavu. Kampuni inayomnyima kibarua buti, ahadi yake ya mazingira ya 2050 mimi siisomi.

Mshahara nao usiuonee haya. Kama karo ya wadogo zako inakungoja, chukua kazi yenye kasoro, mradi kasoro unazijua. Ukiwa na nafasi mbili zenye malipo yanayokaribiana, chagua ile ambako afisa wa mazingira anaripoti kwa meneja mkuu. Akiwa chini ya idara ya mauzo, kila anachoandika hupitia kwanza kwa watu wa matangazo.