Korosho zimeuzwa, sasa huko milimani tukalale wapi?

Kila mwaka minada ikishapita na hela zikaingia, lazima atokee mtu hapa Mtwara anauliza, nataka niwapeleke wanangu wakaone hifadhi za milimani kwa gari letu wenyewe, tulale wapi? Na kila mwaka anatumiwa picha ya loji moja nzuri ina maua mlangoni, analipia, halafu siku ya safari anakuja kugundua loji iko upande mwingine wa mlima na geti la hifadhi liko masaa matatu mbele. Mi mzunguko wa hifadhi hizo za milimani nimeshaufanya mara tatu, mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu, kwa hiyo ngoja niwaambie navyochagua siku hizi.

Usianze na loji. Anza na asubuhi. Jiulize kesho yake saa kumi na mbili asubuhi unatakiwa uwe umesimama wapi, halafu rudi nyuma utafute kitanda kilicho karibu na hapo, hata kama ni gesti ya kawaida ina kapeti la plastiki. Watu wengi wanachagua kwa kuangalia mji mkubwa ulio karibu kwenye ramani, wanasahau kilomita 40 za mlimani sio kilomita 40 za barabara yetu ya Nanyamba.

Mzunguko wenyewe ni huu: unatoka Mtwara unapita Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, unapanda hifadhi ya Kitulo, unateremkia Chimala kwenye barabara kuu ya Zambia, unarudi Makambako, Iringa, unashuka mlima Kitonga hadi Mikumi, unaingia Mang'ula kwa ajili ya hifadhi ya Udzungwa, halafu Morogoro, Dar, unarudi na barabara ya Kilwa. Unaweza kuugeuza, mi napenda kuanza na Songea kwa sababu gari likiwa halijachoka na dereva hajachoka ndio umalize ule upande mrefu.

Siku ya kwanza hutalala hifadhini, usijidanganye. Mtwara mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 600, lami yote, ukitoka saa kumi na moja alfajiri unafika jioni kama hujasimama sana. Ukiwa na watoto wadogo lala Tunduru tu, hakuna aibu. Ila ukiamua kuunganisha hakikisha kipande cha Tunduru hadi Namtumbo unakimaliza jua likiwa bado juu, maana hapo katikati ni mapito ya tembo kati ya hifadhi zetu huku na Niassa kule Msumbiji, na tembo usiku hana taa za nyuma. Sheria yangu ni moja, saa kumi jioni niwe nimeshashika ufunguo wa chumba. Ikifika saa kumi na bado nina kilomita 100 mbele, nalala pale nilipo.

Sasa baridi. Hapa ndio sisi watu wa pwani tunaumbuka. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600, kwa hiyo toa nyuzi 15 kwenye joto la Mtwara halafu ndio uingize usiku na upepo. Mara ya kwanza nilienda mwezi wa saba, likizo ya shule, nikapiga simu gesti moja ya huko juu nikauliza maji ya moto yapo? Dada akasema yapo kaka, karibuni sana. Kweli yalikuwepo: ndoo moja, yanachemshwa kwa kuni nyuma ya jiko, na inabidi uagize kabla mhudumu hajaenda kulala, sisi tumefika saa mbili usiku mhudumu keshalala. Dirishani kioo kimoja hakipo, wameziba na boksi la biskuti. Kitandani shuka mbili na lile blanketi jepesi la mistari. Mke wangu alijifunga vitenge vyote vitatu alivyobeba, mtoto nikamvalisha sweta langu likamfika miguuni, na asubuhi majani nje yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Yule dogo akauliza baba hii ni nini, na mimi mwenyewe ndio kwanza naiona sakitu, ule umande ulioganda, kwa macho.

Kwa hiyo siku hizi nikipiga simu siulizi maji ya moto yapo. Nauliza yanatoka bombani au kwenye ndoo, na mpaka saa ngapi. Nauliza kitanda kimoja kina blanketi ngapi, akisema moja ila nzito kaka, naomba tatu. Nauliza madirisha yana vioo vyote, anacheka, lakini anaenda kuangalia. Nauliza gari linalala ndani ya geti au nje. Umeme ukikatika mnatumia nini. Chakula cha usiku mnapika au nije nimekula, maana huko juu saa mbili usiku hupati hata chipsi na hao ndio wenye viazi.

Na kuna jambo moja naliweka peke yake kwa sababu linaua. Ukilalamika baridi, mwenyeji kwa roho nzuri kabisa anaweza kukuletea jiko la mkaa chumbani. Ota moto nalo mlango ukiwa wazi, halafu litoe nje kabla hujalala. Ule moshi wa mkaa usioonekana unamaliza familia nzima usingizini, na sisi tuliozoea kulala madirisha wazi hatuna hiyo hofu kabisa.

Kitulo yenyewe, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na watu wanaifuata kwa maua, zikiwemo aina zaidi ya 40 za okidi. Maua yanatoka na mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Hapo utaona mtego, kipindi sisi tuna hela za korosho ndio kipindi cha maua ila ndio hichohicho kipindi cha tope. Ukienda mwezi wa saba kama nilivyofanya mi, unapata barabara kavu na sakitu, maua huyaoni. Chagua maumivu yako.

Pa kulala ni pawili. Kuna Matamba, ndiko ziliko ofisi za hifadhi, pana gesti za kawaida, bei yake haitakuumiza. Na kuna Makete mjini, ambako siku hizi lami kutoka Njombe inafika, pana vyumba vingi zaidi. Kama una Noah au IST na mvua zinanyesha, lala Makete au hata Njombe, halafu ulizia usafiri wa gari lenye nguvu wa kukupandisha. Kama una gari la fowili lala Matamba, asubuhi ukiamka uko tayari juu. Ile njia ya Chimala kwenda Matamba ina kona zaidi ya 50 zimepangana ukutani kama ngazi, kwenye picha ni nzuri sana, lakini usiipande giza likiingia eti kwa sababu umeshalipia chumba. Chumba kipoteze. Lala Chimala, panda asubuhi.

Malipo ya hifadhi usisubiri kumtolea mtu noti getini, TANAPA, wenye hifadhi za taifa, wanataka kadi au kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, na mtandao wa mlimani unaujua mwenyewe ulivyo, kwa hiyo malizia hayo mambo ukiwa bado mjini. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA ndio upate bei ya Mtanzania. Na ukitaka kulala ndani ya hifadhi elewa kwamba kuna hela ya kuingia na kuna hela ya kulala, ni vitu viwili, halafu tiketi ina masaa yake. Jamaa yangu mmoja alihesabu ya kulala tu akajiona kapata dili, getini akatoa jasho na baridi lote lile.

Udzungwa ni habari nyingine kabisa na ndio inawachanganya watu. Inaitwa hifadhi ya milima, ina vilele vinavyopita mita 2,500, mtu anafungasha masweta ya Makete, kumbe kulala unalala chini Mang'ula, bonde la Kilombero, joto kama nyumbani na mbu kama nyumbani. Hapo unachotafuta ni neti isiyo na tundu na feni, blanketi waachie wenyewe. Ndani ya hifadhi hakuna barabara za kuzungukia na gari, ni miguu tu na muongozaji, kwa hiyo kulala mbali hakuna maana yoyote. Mtu analala Mikumi mjini kwa sababu kaona gesti yenye ghorofa, kisha anaendesha zaidi ya saa nzima asubuhi, anaanza kupanda maporomoko ya Sanje saa nne jua limeshawaka. Yale maporomoko yana urefu wa mita 170 na kupanda na kushuka ni kama masaa manne, ukianza saa moja unatembea kivulini, ukianza saa nne utamlaumu muongozaji bure. Halafu njia ya Sanje haianzii pale ofisini Mang'ula, mnaandikishwa pale kisha mnaenda kijiji cha Sanje, kilomita 10 hivi, kwa hiyo hesabu na huo muda. Mi hapo nalala siku mbili, usiku wa kufika na usiku wa baada ya kupanda, maana kushuka mlima halafu ushike usukani na magoti yanatetemeka sio ushujaa.

Kupiga hema pia inawezekana, hifadhi ina kambi zake pale karibu na ofisi, na kwa familia ya watu watano ni nafuu kuliko vyumba viwili. Ila chakula kifungie ndani ya gari. Kima na nyani hawana habari kwamba mkate ule umetoka nao Iringa.

Mikumi mjini nalala nikiwa nataka kuona wanyama tu, basi. Pale usichukue chumba kinachotazama barabara hata kama ndio kina balkoni, malori ya Zambia yanapita usiku kucha na breki zao utazisikia mpaka ndotoni. Omba chumba cha nyuma. Na barabara inayokatiza hifadhini, kilomita 50 hivi, usiipite usiku ili uwahi loji, ukigonga mnyama kuna faini na inatajwa kwa aina ya mnyama, swala ana bei yake na twiga ana bei yake. Kitonga nayo hivyohivyo, ishuke mchana, ukichelewa lala Iringa.

Kusini kote pia kuna misheni, na nyumba za wageni za misheni mi nazipenda, safi, kimya, gari salama, uji wa asubuhi wa uhakika. Lakini geti linafungwa mapema na bia hakuna, na mkiwa mke na mume muwe tayari kuulizwa kama kweli mmeoana. Sio kwa ubaya.

Mwisho kabisa kuna Dar. Watu wa kusini wote tuna ndugu Mbagala, na loji ya bure kuliko zote ni kwa shangazi. Nimeshalala huko, nakwambia ukweli, ni bure ila ndio kitanda cha gharama kubwa kwenye safari nzima. Umefika usiku, mnapiga stori mpaka saa saba, asubuhi lazima unywe chai, chai inasubiri chapati, chapati zinasubiri binamu aliyetumwa mafuta, mnaondoka saa tano, na foleni. Mtwara mnaingia usiku wa manane. Sasa hivi nikitoka Morogoro navuka Dar siku hiyohiyo naenda kulala Kibiti au Ikwiriri, na kama ni masika nauliza kwanza madereva wa mabasi barabara ya Kilwa ikoje, maana mnakumbuka Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilivyoikata watu wakakwama siku kadhaa. Shangazi namwambia tunapita mchana kula tu, na gari naliacha limegeuzwa kabisa linaangalia barabarani.