Namna ya Kuripoti Mnada wa Korosho kwa Simu ya Mkononi

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, mkulima wa Newala au Tandahimba hasubiri tena gazeti la kesho yake ili ajue bei; huisoma kwenye kundi la WhatsApp, mara nyingi kabla watu hawajatawanyika mnadani. Kwa hiyo mwandishi wa habari wa Mtwara au Lindi analazimika kuandika, kurekodi sauti na kupiga video kwa pamoja, tena akiwa peke yake.

Anza na bei, na uiandike kabla hujagusa kamera. Andika bei ya juu na ya chini kwa kilo, daraja la korosho, jina la chama kikuu cha ushirika kilichouza, kwa mfano TANECU au MAMCU, mahali mnada ulipofanyika na tarehe. Tarehe ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu picha ya ubao wa bei isiyo na tarehe husambazwa tena msimu unaofuata, na mkulima aliyeiamini huweza kukataa bei halali akisubiri ambayo haipo. Eleza pia kwamba bei ya mnada siyo fedha atakayopokea mkulima, kwa kuwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho huhifadhiwa ghalani na kuuzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika, kuna makato kabla ya malipo. Muulize kiongozi wa chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima kijijini, makato hayo ni yapi, kisha linganisha jibu lake na hati ya malipo ya mkulima mmoja, ukificha jina lake na namba ya akaunti.

Baada ya hapo rekodi sauti. Msogeze mzungumzaji mbali na magari na jenereta, mkinge upepo kwa kusimama nyuma ya ukuta wa ghala, weka simu umbali wa shubiri moja kutoka kinywani mwake, na iweke katika hali ya ndege ili isiite katikati ya mahojiano. Mzee akijieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, mwache aseme, kisha toa tafsiri ya Kiswahili. Sauti yake halisi ina uzito ambao muhtasari wako hauwezi kuubeba.

Video inatosha kuwa fupi. Futa lenzi vumbi, shika simu wima kwa ajili ya WhatsApp na TikTok au ilaze kwa ajili ya YouTube, na andika bei na tarehe juu ya picha, kwani wengi hutazama bila kufungulia sauti.

Mtandao ukiwa dhaifu, tuma maandishi kwanza, sauti ifuate, video isubiri mpaka ufike mjini. Hata hivyo usitume tarakimu yoyote ambayo hujaithibitisha kwa msimamizi wa mnada, hata kama makundi mengine yamekwisha kuitangaza. Kutangulia kwa dakika kumi hakumsaidii mkulima aliyepewa bei isiyo sahihi.

Ukikosea, sahihisha taarifa ileile na useme wazi kilichobadilishwa pamoja na saa ya mabadiliko, badala ya kuifuta kimyakimya, kisha tuma masahihisho katika kila kundi ulikoipeleka. Anayetaka kuendesha chaneli yake ya habari mtandaoni ashughulikie mapema leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inayotakiwa na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, kabla msimu haujaanza.