Mwalimu mkuu, anzia darasani: namna ya kutembelea vipindi bila kumvunja mwalimu moyo

Mafaili, wageni, simu za wakubwa na mabomba yanayovuja vyote vinaidai asubuhi ya mwalimu mkuu. Ukiviachia, muhula utakwisha hujui darasa la pili linasoma vipi. Walimu watakusalimia kwa adabu, ila ukigusia ufundishaji watakusikiliza nusu nusu, maana wanajua huoni wanachofanya. Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walichambua tafiti kuhusu uongozi wa shule. Walikuta kwamba jambo lenye nguvu zaidi kwa matokeo ya wanafunzi ni mkuu kukaa na walimu wake na kujifunza nao. Mimi hufuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Tenga kipindi kimoja kila siku
Mwambie msaidizi wako na karani kwamba muda huo hupatikani ila kwa dharura. Kwenye kikao, waeleze walimu unakuja kuangalia nini, na uwaahidi kwamba utakachokiona hakiendi kwenye faili la mtu. Ahadi hiyo usiivunje kamwe. Siku utakapoitumia ziara kumshtaki mwalimu, wote watakufundishia somo la maonyesho.

Hatua ya 2: Anza na madarasa ya chini
Wakuu wengi hukimbilia darasa la mtihani. Huko ni kuchelewa. Mtoto asiyesoma vizuri darasa la tatu, somo la sayansi la darasa la sita litampita tu.

Hatua ya 3: Watazame watoto zaidi ya mwalimu
Ingia kimya, kaa nyuma, usishike andalio la somo kwanza. Kuna mambo ambayo mbele ya darasa hayaonekani: nani hana kitabu, nani ananakili bila kuelewa, na ni watoto gani walewale wanaojibu kila swali. Wakati wa zoezi, chutama kando ya mtoto mmoja, umwombe akusomee ukurasa wa leo. Akiserereka bila kukwama, funika mstari kwa kiganja, uache neno moja la katikati, umwulize ni neno gani. Wapo wanaonyamaza hapo. Ukurasa wameukariri kwa kuusikia darasa zima likiuimba, na herufi bado hawazijui. Mwalimu mwenye watoto wengi si rahisi alione hilo peke yake, ndiyo maana macho yako yanahitajika.

Hatua ya 4: Zungumza siku hiyohiyo, jambo moja tu
Mwite mwalimu faragha, kamwe si mbele ya wanafunzi wala wenzake. Anza na kitu halisi ulichokipenda: "Mwalimu, ulivyomrudia yule mtoto wa dirishani hadi akapata, nimefurahi." Kisha muulize yeye anaonaje kipindi. Halafu toa pendekezo moja analoweza kulijaribu kesho. Mfano mzuri ni kusubiri baada ya kuuliza swali. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri takriban sekunde moja tu; wakifikisha tatu, watoto hujibu kwa kirefu na waliokuwa kimya huanza kusema. Halihitaji fedha wala vifaa.

Hatua ya 5: Rudi
Rudi ndani ya wiki moja uangalie jambo lilelile. Usiporudi, mwalimu ataelewa kwamba hukumaanisha.

Hatua ya 6: Shika chaki mwenyewe
Chukua kipindi, hata kimoja kwa wiki, tena kwenye darasa linalosumbua, na umwalike mwalimu wake akae nyuma akutazame. Kipindi kikiisha, muulize maswali yaleyale unayowauliza wengine, mpe nafasi akukosoe, kisha mpange pamoja somo linalofuata. Mazungumzo mazuri kabisa ya ufundishaji nimeyapata hapo, madaftari ya watoto yakiwa wazi mezani kati yetu.