Jinsi ya Kuandika Historia ya Kituo cha Utafiti wa Wanawake Chuoni: Mfano wa Mlimani

Anayetaka kuandika historia ya kituo cha utafiti wa wanawake katika chuo kikuu asianzie kwenye kumbukumbu za vikao vya chuo. Huko atakikuta kituo kimekwisha kuzaliwa na kupewa jina, na atadhani kwamba uongozi ndio uliokianzisha. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake: wahadhiri wachache walikutana baada ya saa za kazi, wakasoma na kubishana, na chuo kikaja kuwatambua baadaye. Mwongozo huu unatumia mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachoitwa pia Mlimani, ambako miaka ya 1980 ulikuwepo Mradi wa Utafiti na Uwekaji Kumbukumbu za Wanawake, uliojulikana zaidi kwa kifupisho chake, WRDP.

Kazi ya kwanza ni kuchunguza miaka iliyotangulia jina. Umoja wa Mataifa ulitangaza muongo wa wanawake kuanzia 1976 hadi 1985, na mikutano yake mikubwa kuhusu wanawake, kuanzia ule wa 1975, ikafanyika Mexico City, Copenhagen na Nairobi. Pale Mlimani, mnamo Septemba 1979, kitengo cha utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, BRALUP, kiliandaa warsha kuhusu taaluma za wanawake na maendeleo. Makala zilizosomwa katika warsha hiyo zinaonyesha kwamba hoja, na baadhi ya wahusika, vilikuwepo tayari kabla mtu yeyote hajabandika jina la mradi mlangoni. Kwa hiyo usiandike tarehe moja ya kuanzishwa. Andika tatu: siku watu walipoanza kukutana, siku walipojipa jina, na siku walipopata chumba au fedha. Pengo kati ya tarehe hizo ndilo litakalokueleza ni nani aliyeunga mkono na ni nani aliyekwamisha.

Baada ya hapo tafuta karatasi, na uwe tayari kusafiri au kuandika barua nyingi. Mwaka 1983 mkutubi Ophelia Mascarenhas na mtafiti Marjorie Mbilinyi walitoa bibliografia ya uchambuzi kuhusu wanawake wa Tanzania. Katika kitabu hicho maandishi yaliyokuwa yametawanyika, yakiwemo ripoti, tasnifu na makala za semina, yaliorodheshwa na kuhakikiwa kwa jicho la kutetea wanawake. Kilichapishwa Uppsala, Sweden. Jambo hilo si dogo. Uchumi wa Tanzania ulikuwa umedorora, karatasi ilikuwa adimu, na mshahara wa mhadhiri haukufika mwisho wa mwezi. Utafiti mwingi ulitegemea wafadhili wa nchi za Nordiki. Soma ukurasa wa shukrani katika kila ripoti kwa makini uleule unaosomea hitimisho lake, kwa kuwa mfadhili aliyetaka kujua kuhusu maji vijijini alipata utafiti kuhusu maji vijijini, na swali ambalo watafiti wenyewe walitamani kuliuliza huenda limejificha katika sura ya mwisho. Anza na mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba kuu ya Mlimani, kisha uulize makala za stensili, yaani zilizorudufiwa kwa mashine bila kuchapishwa kitabuni, zilizobaki katika makabati ya wastaafu. Hizo za makabatini, kwa maoni yangu, ndizo zenye utamu zaidi, kwa sababu pembeni mwake kuna maandishi ya kalamu.

Mahojiano yanahitaji uangalifu wa namna yake. WRDP wenyewe walikuwa mabingwa wa mbinu ya masimulizi ya maisha: mwaka 1991 Magdalene Ngaiza na Bertha Koda walihariri mkusanyiko wa masimulizi ya wanawake wa Tanzania, uliochapishwa na mradi huo kwa Kiingereza. Hapa pana funzo lenye uchungu kidogo. Mama aliyeeleza maisha yake hawezi kuisoma hadithi yake ikiwa imetoka kwa lugha asiyoijua. Wewe rekodi kwa Kiswahili, au kwa lugha ya msimulizi, nakili maneno yake yalivyo, na uhifadhi nakala hiyo hata kama kitabu kitatoka kwa lugha nyingine. Unapomwendea profesa mstaafu, mpe maswali mapema, eleza sauti yake itahifadhiwa wapi, na umwachie haki ya kufuta sehemu asiyoitaka. Usiishie kwa maprofesa. Mpiga chapa na mtunza maktaba ndogo ya mradi waliona mambo mengi, na ni nadra kuulizwa.

Usiogope migawanyiko. Katika miaka hiyo Mlimani palikuwa na WRDP, na palikuwa pia na kikundi cha mafunzo ya wanawake ndani ya Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Mwandishi mvivu atayachanganya makundi hayo mawili au atalifuta mojawapo. Uliza kila upande kuhusu uongozi, fedha na itikadi, kisha uyaweke majibu sambamba bila kuyalazimisha yalingane. Kumbuka pia mazingira ya kisiasa: nchi ilikuwa na chama kimoja, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioundwa mwaka 1962, ndio uliohesabiwa kuwa sauti ya wanawake wote. Kukutana nje yake, hata kwa jina la utafiti, kulikuwa na uzito wake. Hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 jambo halikuwa jepesi: Baraza la Wanawake, BAWATA, ambalo mwenyekiti wake alikuwa mwanataaluma wa chuo hichohicho, Anna Tibaijuka, lilizuiwa na serikali mwaka 1996.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kupima mchango wa kituo. Kuhesabu machapisho hakutoshi. Ninapendekeza ufuate nyuzi tatu, yaani watu, vifungu vya sheria na maneno.

Kwa watu, orodhesha kila mwanachama na umfuate hadi alikofika. Utamkuta Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena miongoni mwa waanzilishi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, mwaka 1993, na utaona mjadala uliokuwa wa wasomi ukihamia Mabibo, mtaa wa Dar es Salaam yaliko makao ya TGNP, ambako semina za kila Jumatano huwakutanisha watu wa kawaida na watafiti, tena kwa Kiswahili.

Kwa sheria, chukua kifungu kimoja na urudi nacho nyuma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Inabatilisha pia mila inayomnyima mwanamke ardhi. Tafuta nani aliwasilisha maoni, alinukuu utafiti gani, na utafiti huo ulifanywa na nani. Mnyororo ukikatika mahali, sema umekatikia hapo. Kwa mfano, mwaka 1994 watafiti wa Mlimani walitoa kitabu kuhusu wasichana na mimba za utotoni. Serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida mwezi Novemba 2021. Kati ya matukio hayo imepita miaka 27 na wanaharakati wengi, na mwandishi anayeruka kutoka la kwanza hadi la pili atakuwa anapiga chuku.

Kwa maneno, fungua magazeti ya zamani na ya sasa. Angalia ni lini “jinsia” lilianza kutumika kwa maana ya mahusiano ya kijamii badala ya maumbile, “bajeti yenye mrengo wa kijinsia” liliingiaje bungeni, na “utafiti raghbishi”, yaani utafiti ambao wanajamii wenyewe huchunguza matatizo yao na kuchukua hatua, lilifikaje vijijini. Neno likishatumiwa na diwani asiyejua lilitoka wapi, hapo umepata ushahidi ambao orodha ya machapisho haiwezi kukupa.

Ukimaliza, peleka nakala ya rekodi na maandishi katika maktaba ya chuo husika, nyingine kwa waliohojiwa, na uweke ya tatu mahali pengine palipo salama; maktaba huvuja mvua, na wastaafu huhama.