Namna ya Kuchagua Suti ya Kuvaa Siku ya Usaili

Vijana wengi wanaoitwa kwenye usaili wa kazi huanza kwa kuuliza suti iwe ya rangi gani, kisha huuliza bei, na mwisho kabisa ndipo hukumbuka kulijaribu koti mwilini. Mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Suti huchaguliwa kuanzia mabegani, kwa sababu bega ndilo sehemu ambayo fundi cherehani hawezi kuirekebisha kwa gharama ndogo. Kupunguza mikono, kubana kiuno na kukata pindo la suruali ni kazi za siku moja au mbili. Lakini kusogeza bega kunamlazimu fundi kufumua mkono mzima, kuondoa bitana, kupunguza pedi na kushona upya, na mafundi wengi wazoefu hukataa kazi hiyo au huitoza fedha ambazo zingetosha kununua koti jingine.

Mshono unaounganisha mkono na bega unapaswa kukoma pale mfupa wa bega lako unapoishia. Ukipita hapo, koti huanguka na kuacha kibonde juu ya mkono, na mvaaji huonekana kama aliyeazima nguo ya kaka yake. Ukiwa mfupi kuliko bega, kitambaa hukunjamana kuelekea shingoni. Iwapo huna wa kukutazamia, simama ubavu kwa ukuta na usogee polepole: pedi ya koti ikigusa ukuta kabla ya mkono wako kuugusa, koti hilo ni kubwa. Baada ya hapo tazama kisogoni, ambapo ukosi wa koti unapaswa kulala juu ya kola ya shati bila kuacha mwanya, kisha funga kifungo cha juu na uangalie tumboni. Mikunjo inayotawanyika kutoka kwenye kifungo ina maana kwamba koti limebana.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba usaili hufanyika ukiwa umekaa. Kwa hiyo omba kiti dukani, ukae, uinamie meza ya kufikirika na unyooshe mkono kana kwamba unapokea karatasi. Suruali ikikukaba mapajani, au ikipanda hadi ngozi ya mguu ionekane juu ya soksi, tatizo hilo litakusumbua mbele ya wasaili watano waliokukodolea macho. Geuza suruali na utazame mshono wa nyuma kiunoni. Humo kwa kawaida huachwa kitambaa cha akiba ambacho fundi anaweza kukitumia kuipanua, na kama akiba hiyo imekwisha kutumika, suruali hiyo haiwezi kuongezwa tena.

Mitumba ni chaguo la heshima kabisa, na katika masoko kama Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi mtu mwenye subira hupata koti lililoshonwa vizuri kuliko suti nyingi mpya za bei ya chini. Hata hivyo, subira hiyo lazima iambatane na ukaguzi. Liinue koti kuelekea kwenye mwanga ili uone matundu ya nondo, kagua kwapani na kwenye bitana, na upapase kifua chake: ukikuta vipovu vidogo kwenye ukosi, gundi iliyoshika kitambaa cha ndani imeachia, na pasi haiwezi kuirudisha. Makalio ya suruali yanayong'aa ni dalili ya kuchakaa. Kwa kuwa makoti na suruali mara nyingi huuzwa kwenye marobota tofauti, muuzaji anaweza kukuunganishia weusi wa aina mbili akakuapia kwamba ni suti moja. Toka navyo nje kwenye jua kabla hujalipa, kwa maana chini ya kivuli cha kibanda rangi zote nyeusi ni ndugu.

Mnunuzi wa suti mpya naye ana makosa yake, na moja huonekana karibu kila ukumbi wa usaili. Uzi mweupe ulioshonwa kwa umbo la msalaba kwenye mpasuo wa nyuma wa koti huwekwa kiwandani ili koti lisiharibike umbo safarini, na unapaswa kukatwa kabla ya kuvaa. Kibandiko cha jina la kampuni kilichoshonwa juu ya mkono vilevile hutolewa.

Kuhusu kitambaa, hali ya hewa ndiyo iamue. Poliesta tupu hung'aa na kuhifadhi jasho, jambo ambalo katika joto la Dar es Salaam au Mombasa la mwezi Februari ni adhabu. Sufu nyepesi, licha ya jina lake kuwatisha watu wa pwani, hupitisha hewa na hujinyoosha yenyewe: ikunje ndani ya ngumi kwa muda mfupi kisha uachie, na mikunjo ikipotea haraka umepata kitambaa kizuri. Koti lenye bitana nusu hupunguza joto zaidi. Kwa upande mwingine, suti nzito iliyoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya inaweza kukufaa asubuhi ya Julai mjini Nairobi, lakini si Tanga.

Rangi sasa. Bluu iliyokoza na kijivu cha mkaa hazijawahi kumkosesha mtu kazi. Nyeusi si kosa, na kwa anayeomba nafasi katika ofisi ya mawakili ni chaguo la asili. Kwingineko huelekea kufanana na mavazi ya msimamizi wa harusi, na huonyesha kila chembe ya vumbi. Mimi ningeepuka pia suti ya Kaunda, ile ya koti linalovaliwa bila tai. Ni vazi zuri na lina historia yake, lakini mnamo Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alilipiga marufuku bungeni, na kama lilikataliwa huko, si busara kwenda kujua maoni ya wasaili wako siku hiyo.

Kwa wanawake, suti ya suruali na suti ya sketi zina uzito sawa, ila sketi ipimwe ukiwa umekaa, na ibaki chini ya goti. Hijabu ya rangi moja iliyotulia hukaa vizuri na koti lolote kati ya niliyoyataja. Anayeomba kazi serikalini nchini Tanzania akumbuke kwamba watumishi wa umma wana waraka wa mavazi wa mwaka 2007, hivyo nguo inayobana au kuonyesha mwili itakuwa imevunja taratibu za ofisi ambayo bado hujaajiriwa.

Safari nayo ni sehemu ya uchaguzi. Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda kwenye usaili Dodoma, kwa basi au kwa treni ya SGR, asivae suti njiani. Ligeuze koti ndani nje, ingiza bega moja ndani ya jingine, likunje mara moja na ulilaze juu kabisa ya begi, mbali na bahasha ya vyeti halisi. Ukifika, litundike bafuni wakati wa kuoga kwa maji ya moto ili mvuke uondoe mikunjo. Ukilazimika kupiga pasi, tanguliza kitambaa chenye unyevu, kwa sababu pasi ikigusa sufu moja kwa moja huiacha na mng'ao usiofutika. Anayekwenda kwa bodaboda avae fulana na abadilishe nguo mahali pa karibu.

Siku mbili kabla, vaa suti yote pamoja na viatu na mkanda kwa muda wa saa nzima nyumbani, ukiketi na kuinuka, ili kama kuna kifungo kinacholegea au zipu inayokwama, fundi apate nafasi ya kukifanyia kazi. Kifungo cha chini cha koti la wanaume hakifungwi kamwe. Cha juu hufungwa unapoingia na kusalimia, hufunguliwa unapokaa, na hufungwa tena unapoinuka kuaga.