Una bastola ya leseni na risasi zimeanza kulia? Soma hii kwanza

Wacha nianze na kitu kilinipata mi mwenyewe kwa mazoezi. Tulikuwa watu sita hivi, wote tuko na leseni, mwalimu akatupa bastola za plastiki akatuingiza mmoja mmoja kwa korido ya jengo tupu, adui mmoja kasimama kule mwisho. Mi nikampata vizuri kabisa, pa pa, nikajiskia dume. Kabla hata sijavuta pumzi mtu nyuma yangu anapiga kelele "Polisi! Weka silaha chini!" nami nikageuka kumwangalia, na bastola bado iko mkononi, ikageuka pamoja na mimi. Mwalimu akanigusa kifua na kidole kimoja: "We ushakufa." Hakuwa anatania.

Na si mambo ya mazoezi tu. Tarehe 21 Juni 2021 kule Arvada, Colorado, Marekani, raia anaitwa Johnny Hurley alimpiga mtu aliyekuwa ameshaua polisi, akammaliza, kisha akaiokota bunduki ya yule muuaji. Polisi mwingine akatokea, akaona mtu ameshika bunduki, akampiga risasi. Hurley akafa. Alikuwa amefanya kila kitu sawa isipokuwa hicho kimoja cha kuokota.

Kwa hiyo jambo la kwanza, ukae nalo kichwani: bastola yako ni ya kukutoa pale we na watu wako, si ya kukupeleka kwa anayepiga. Kama uko na mke na watoto na mlango uko wazi, ondokeni. Mkono mmoja umeshika mtoto, bastola inabaki kiunoni, shati limeifunika. Watu wanakimbia hovyo, wanakugonga, mtu akikugonga na kidole chako kiko kwa triga utampiga mama aliyebeba mtoto mgongoni, alafu hio utaieleza vipi.

Sasa shida yetu ya hapa, na hapa ndo nataka tukae kidogo. Kampala bunduki ziko kila mahali. Supamaketi iko na askari, petroli steshen iko na askari, duka la dawa, benki, hata mlango wa hoteli ndogo kuna muzee kakalia kiti cha plastiki na bunduki kwa magoti. Ongeza wale wa usalama wanaovaa kiraia. Kwa hiyo ukiskia milio ukachungulia ukaona mtu na bunduki, bado hujaona kitu. Anaweza kuwa askari wa pale anajaribu kuokoa watu, na yeye akikuona we na bastola anafikiria hivohivo juu yako.

Na uniform haikusaidii pia. Tarehe 2 Mei 2023 waziri wa Uganda, Engola, aliuawa kwake Kyanja, hapa Kampala, na mwanajeshi aliyekuwa anamlinda. Siku kumi baadaye, konstebo wa polisi akampiga risasi mkopeshaji pesa ndani ya ofisi Raja Chambers, hapo katikati ya mji. Ndo maana nasema usisome nguo, soma mikono na mdomo wa bunduki umeelekea wapi. Anapiga watu wanaokimbia? Anawafuata wanaojificha? Au yuko nyuma ya nguzo anapungia watu wapite? Kama huna uhakika, usipige. Ukimpiga askari wa watu kwa makosa we ndo umekuwa muuaji wa pili mahali pale.

Kama huwezi kutoka, jifungie. Zile arkedi za downtown, majengo ya maduka mengi, zina milango ya chuma kwa kila duka, vuta ndani, weka kufuli, zima taa, simu zote ziwe kimya. Kaa pembeni, usikae usawa wa mlango, na ukae chini. Kuta za gipsam na mbao na mabati hazizuii kitu, zinakuficha tu macho. Risasi ya SMG, ile AK-47 ya askari, inapita mlango wa gari kama karatasi, ukikosa kingine jifiche upande wa injini. Hapo sasa bastola itoke, ielekee mlangoni, na unangoja. Akivunja akaingia na bunduki kukuua, piga, na uendelee mpaka aache kuwa hatari. Akipita, mwache apite! Usimfuate kwa korido. We una bastola, yeye pengine ana magazini ya risasi thelathini na hajali anampiga nani, wewe unajali, na nyuma yake kuna watu.

Kabla ya kupiga angalia nyuma yake. Najua kwa ile presha macho yanaona kitu kimoja tu, ndo maana tunafanya mazoezi. Na ile tabia ya kupiga hewani eti kutisha, achana nayo, risasi inashuka mahali, na polisi wanaokuja wanaskia mpigaji wa pili.

Piga simu 999 au 112. Sema uko wapi, wanaopiga ni wangapi, alafu jieleze mwenyewe: "Niko na bastola ya leseni, nimevaa shati la bluu na suruali nyeusi, niko gorofa ya pili duka la viatu." Kama mkono wako umeshika bastola mwambie aliye karibu apige hiyo simu. Hilo shati la bluu linaweza kukuokoa kuliko risasi zote ulizo nazo.

Alafu wakifika. Hii ndo dakika mbaya kuliko zote. Westgate, ile mall ya Nairobi, magaidi walipoivamia tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye bastola za leseni waliingia pamoja na polisi wachache wakatoa watu wengi, kazi ya maana sana, lakini baadaye hata jeshi na polisi wenyewe walichanganyikana, kamanda wa Recce, kikosi maalum cha polisi, akapigwa risasi na wanajeshi kwa makosa. Sa kama wenye uniform wanauana hivo, we mwenye jeans watakujuaje?

Kwa hiyo hatari ikikatika, bastola irudi kiunoni kabla hawajakuona. Wakikukuta bado unayo mkononi, iache ianguke. Ni chuma, ikwaruzike tu. Usigeuke. Amri zao mara nyingi zinakuja kwa Kiswahili, weka chini, mikono juu, lala chini, na we Kiswahili unakijua, basi fanya kile kimesemwa bila kuongeza lako. Vidole wazi. Usiingize mkono mfukoni kutafuta leseni, sema kwa sauti "Afande, leseni iko mfuko wa nyuma" na uache yeye aitoe. Watakufunga pingu, wanaweza kukukanyaga mgongo, vumilia bwana. Na bunduki ya yule jamaa usiiguse kabisa.

Kama bado polisi hawajafika na pametulia, kuna watu wanavuja damu. Bonyeza kidonda kwa nguvu na kitambaa, usiwe unainua kuangalia. Mkono au mguu ukimwaga damu, funga toniketi, ule mkanda wa kuzuia damu, juu zaidi ya kidonda upande wa kiwiliwili, isiwe kwenye kiungo, kaza mpaka damu isimame na uandike saa. Mi natembea na moja kwa gari, ni ndogo kuliko charja.

Mwisho ni mambo ya makaratasi. Bastola yako itachukuliwa kama kizibiti, hilo usibishane. Eleza kwa ufupi kwamba ulikuwa unatetea maisha, nani alikupiga risasi na ushahidi uko wapi, maelezo marefu yangoje wakili, na usitume video kwa WhatsApp. Kabla hujatoka stesheni omba karatasi iliyoandikwa namba ya bastola, idadi ya risasi zilizobaki, na jina la afande aliyeipokea. Bila hio karatasi utaitafuta bastola yako miezi.